Rejeo Limfikishe Msomaji

Mwaka 1998 mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, alichapisha katika jarida la Ethnology makala kuhusu Wairaqw, watu wa nyanda za Mbulu na Karatu kaskazini mwa Tanzania. Rekdal alikuwa akifuatilia safari ya dai moja, kwamba asili ya Wairaqw ni Iraki. Dai hilo lilianza kama kisio cha wasomi. Likanukuliwa, aliyelinukuu naye akanukuliwa, na kadiri lilivyozidi kupita mikononi mwa waandishi ndivyo lilivyozidi kuonekana kama historia iliyothibitishwa. Leo si ajabu kumsikia Mwiraqw mwenyewe akilisimulia hivyo.

Mtaalamu huyo huyo alirudia uchunguzi wa aina hiyo mwaka 2014 katika jarida la Social Studies of Science, safari hii kuhusu mboga. Mwaka 1981 daktari wa Uingereza, Terence Hamblin, alikuwa ameandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa pasipo pake na watafiti wa karne ya 19. Hakutaja chanzo. Kisa kilikuwa kitamu, kikarudiwa na wasomi wengi kama onyo dhidi ya uzembe. Mike Sutton, mtaalamu wa masuala ya uhalifu, alipokwenda kukitafuta chanzo miaka karibu 30 baadaye, hakuona ushahidi wowote wa nukta hiyo. Watu waliokuwa wakiwaonya wenzao wahakiki vyanzo walikuwa wakieneza jambo ambalo wao wenyewe hawakulihakiki.

Visa hivi viwili vinafaa kuwekwa mbele ya mwanafunzi yeyote anayeanza tasnifu, kabla hajafundishwa mahali pa mkato na mahali pa nukta. Vyuoni somo la marejeleo mara nyingi huletwa kama somo la alama: weka mabano, andika mwaka, laza maandishi, usisahau nukta ya mwisho. Mwanafunzi hulipokea kama sharti la kuepuka kalamu nyekundu ya msimamizi. Lakini rejeo ni kauli ya ukweli. Mwandishi anapoandika jina, mwaka na ukurasa, anamwambia msomaji kwamba yeye amefika pale, amesoma kwa macho yake, na jambo analolidai limo. Alama zipo ili msomaji akitaka kufika naye afike.

Basi kazi huanza siku ya kusoma, na usiku wa kukusanya kazi huwa umeshachelewa. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki husoma kwa nakala: sura moja iliyotolewa fotokopi steshenari ya jirani na chuo, au faili la PDF lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp bila jalada wala ukurasa wa mchapishaji. Miezi minne baadaye nakala ipo, mistari imepigiwa wino wa manjano, ila hakuna ajuaye ni ya nani wala ya mwaka gani. Dawa ni kuandika juu ya ukurasa wa kwanza, siku ile ile nakala inapopatikana, jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu au jarida, mchapishaji na kurasa. Kama taarifa hizo hazimo, zitafutwe kwenye katalogi ya maktaba au katalogi ya pamoja ya mtandaoni, WorldCat, kabla faili halijaanza kutumika. Na katika daftari la kusomea, kila dondoo liandikwe pamoja na ukurasa wake, maneno yaliyochukuliwa kama yalivyo yakitengwa kwa alama za mtajo. Wengi wanaoshtakiwa kwa wizi wa kitaaluma huanzia hapa: wanakuta sentensi nzuri kwenye daftari lao na kudhani ni yao.

Mtindo gani utumike? Ule uliotajwa na idara au jarida, basi. Ubishi wa mtindo upi ni bora haumfikishi mtu popote. APA, wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, uko katika toleo la saba lililotoka mwishoni mwa 2019 na unatumika sana katika elimu na sayansi za jamii. MLA unapendwa na watu wa fasihi. Chicago, ambao mwongozo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1906, unawafaa wanahistoria kwa sababu ya tanbihi zake. Vancouver, wenye namba badala ya majina, ulizaliwa katika mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Utaratibu wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano, unaoitwa Harvard, kwa kawaida huhusishwa na mwanazoolojia Edward Laurens Mark wa chuo kikuu cha jina hilo, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu konokono wasio na gamba. Mwanafunzi ashike huo aliopangiwa na asiuchanganye na mwingine.

Katika APA, rejeo la ndani ya matini lina vitu vitatu: jina la ukoo, mwaka na ukurasa. Mwongozo huo hulazimisha ukurasa kwa maneno yaliyonukuliwa kama yalivyo, na kwa mawazo yaliyoelezwa upya huacha hiari. Hiyo hiari ni afadhali isitumiwe. Anayetumwa kwenye kitabu cha kurasa 300 bila ukurasa hajaelekezwa kokote. Majarida kadhaa ya Kiswahili huandika mwaka na ukurasa kwa nukta pacha, 1976:45, mengine huweka uk. 45. Yote mawili ni sawa mradi yafanane kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Waandishi wakifika watatu, APA inataka jina la kwanza tu likifuatwa na kifupisho cha Kilatini, ambacho katika maandishi ya Kiswahili huwa “na wenzake”. Nukuu ya maneno 40 au zaidi hutengwa katika aya yake, ikaingizwa ndani, na alama za mtajo zikaondolewa.

Majina yanahitaji subira zaidi, kwa kuwa mitindo hii ilibuniwa na watu wenye utaratibu wao wa kuitana. Chukua waandishi wawili wa riwaya wa Zanzibar: Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Nyota ya Rehema (1976), na Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano (1980). Tasnifu inayowajadili wote wawili na kuandika “Mohamed (1976)” hapa na “Mohamed (1980)” pale itamfanya msomaji aone mtu mmoja mwenye riwaya mbili. Sheria ya APA ni kuongeza herufi za majina ya mwanzo: M. S. Mohamed (1976), S. A. Mohamed (1980). Ni herufi mbili tu, lakini zinawatenganisha waandishi wenye mikono tofauti kabisa.

Ngũgĩ wa Thiong’o ni mfano mwingine. “Wa Thiong’o” maana yake ni mwana wa Thiong’o, kwa hiyo kumweka kwenye herufi W ni kumtaja kwa jina la babake na kumwacha mwenyewe nje. Katalogi kubwa za maktaba humweka kwenye N, chini ya Ngũgĩ. Zaidi ya hapo, Weep Not, Child ilipotoka mwaka 1964 jaladani aliitwa James Ngugi. Aliyeshika toleo hilo anaandika jina lililo kwenye jalada lake, kisha anaweza kumfafanulia msomaji ndani ya matini. Shaaban Robert naye hupatikana kwenye S katika orodha fulani na kwenye R katika nyingine. Wahakiki wengi humrejelea kama Robert. Mwanafunzi afuate desturi ya idara yake na asimgawe mwandishi mmoja katika sehemu mbili za orodha.

Hapo hapo kwa Shaaban Robert kuna suala la miaka. Kusadikika ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, mwandishi akafariki mwaka 1962, na kitabu kimechapishwa upya na wachapishaji tofauti. Mwanafunzi anayeandika mwaka wa nakala aliyonunua dukani pekee anamwonyesha msomaji mwandishi anayetunga miongo kadhaa baada ya kuzikwa, na hoja yoyote kuhusu Kusadikika na utawala wa kikoloni inapoteza miguu. APA ina njia: mwaka wa kwanza, mkwaju, kisha mwaka wa toleo lililotumika. Wa kwanza unaonyesha wakati wa kazi, wa pili unaonyesha kurasa zinazotajwa ni za nakala ipi. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu ukurasa wa 20 wa toleo moja si ukurasa wa 20 wa lingine.

Tafsiri ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoandika kwa Kiswahili, na miongozo ya Ulaya na Marekani huipitia juu juu. Kuna hali mbili. Ya kwanza: msomaji amesoma kitabu kilichokwisha kutafsiriwa. Aliyesoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, ataje kitabu hicho na mfasiri wake. Asiandike kitabu cha asili, Things Fall Apart (1958), kana kwamba ndicho alichokifungua. Aliyenukuu mistari ya Mabepari wa Venisi (1969) ananukuu tamthilia ya Shakespeare katika maneno aliyoyateua Julius Nyerere. Nyerere asipotajwa, mwenye maneno ameachwa nje.

Hali ya pili ni ya kila siku: chanzo ni cha Kiingereza, tasnifu ni ya Kiswahili, na mwanafunzi anatafsiri mwenyewe. APA huhesabu tafsiri ya namna hiyo kuwa ni kueleza upya, hivyo haiwekwi alama za mtajo, ingawa jina na mwaka hubaki, na kwa sheria tuliyojiwekea hapa, ukurasa pia. Mantiki yake ni nzuri: maneno ya Kiswahili yale hayakutamkwa na mwandishi wa asili. Wasimamizi wengine hutaka nukuu iliyotengwa ikiwa na maelezo kwamba tafsiri ni ya mwandishi wa tasnifu. Hilo nalo linakubalika, na pale ambapo hoja nzima inasimama juu ya maneno yenyewe, ni vyema maneno ya asili yawekwe kwenye tanbihi ili msomaji apime kama tafsiri imetenda haki. Lisilokubalika kwa mtindo wowote ni kuweka alama za mtajo kwenye tafsiri bila kusema ni tafsiri. Na katika orodha ya marejeleo, jina la kitabu hubaki katika lugha yake. Kitabu cha Kiingereza kilichopewa jina la Kiswahili na mwanafunzi hakipo katika maktaba yoyote duniani.

Pwani, watu waliosoma elimu ya dini ya Kiislamu wanaijua sanadi: hadithi haipokelewi mpaka ijulikane nani amesikia kwa nani, na aliyesikia kwa mtu wa kati hawezi kujifanya amesikia kwa aliyetangulia. Kanuni ya chanzo cha mkono wa pili ni hiyo hiyo. Mtu aliyeisoma habari ya Hamblin ndani ya makala ya Rekdal, bila kuifungua makala ya Hamblin, aandike: Hamblin (1981, katika Rekdal, 2014). Orodha ya mwisho itamtaja Rekdal peke yake, maana ndiye aliyesomwa. Wanafunzi huogopa neno hilo “katika” kwa kudhani linawaonyesha kuwa wavivu. Ukweli ni kwamba linawakinga. Rekdal akiwa amekosea, msomaji ataona kosa lilikoanzia. Hata hivyo, kabla ya kulitumia, chanzo cha kwanza kitafutwe kwa bidii, kwani makala nyingi za zamani sasa zinasomeka bure mtandaoni.

Kueleza upya nako kuna mtego wake. Tuseme kitabu kina sentensi hii: “Kupanda kwa nauli kuliwafanya wanafunzi wengi waliokaa mbali kuhamia vyumba vya karibu na chuo.” Mwanafunzi akaandika: “Kuongezeka kwa nauli kulisababisha wanafunzi wengi walioishi mbali kuhamia vyumba vilivyo jirani na chuo.” Amebadili maneno matano, mifupa ya sentensi ni ile ile. Hata akiweka jina na mwaka mwishoni, amenakili. Afunge kitabu, ajiulize jambo hilo linaihusu vipi hoja yake, kisha aandike kitu kama: “Gharama ya usafiri iliamua mahali pa kuishi: nauli ilipopanda, ukaribu wa chuo ulikuwa na thamani kuliko chumba kizuri cha mbali.” Halafu afungue kitabu aone kama hakumsingizia mwandishi. Hapa hasa, ile sehemu ya chumba kizuri imezidi. Haimo kwenye chanzo, iondolewe au isemwe kuwa ni wazo la mwanafunzi.

Uzito wa kosa la kunakili wameuonja hata wakubwa. Karl-Theodor zu Guttenberg, Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, alijiuzulu Machi 2011 baada ya watu waliojikusanya mtandaoni kuipitia tasnifu yake ukurasa kwa ukurasa na Chuo Kikuu cha Bayreuth kumvua udaktari. Mwaka uliofuata Rais Pál Schmitt wa Hungaria naye aliachia ngazi baada ya Chuo Kikuu cha Semmelweis kumvua udaktari alioupata miaka 20 nyuma.

Je, kila kitu kirejelewe? Hapana. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na hakuna anayehitaji kuambiwa habari hiyo imetoka kwa nani. Mambo yanayojulikana na kila msomaji wa fani hayana mwenyewe. Takwimu lakini zina mwenyewe daima. Idadi ya watu wa Tanzania katika sensa ya 2022, yaani 61,741,120, ni ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na ripoti ya ofisi hiyo ndiyo ya kutajwa, si gazeti lililoifupisha. Sheria hurejelewa kwa ibara: lugha ya taifa ya Kenya imetajwa katika ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, na namba hiyo inatosha katika chapa yoyote. Taasisi inaweza kuwa mwandishi, kama TUKI (1981) kwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Na sura ndani ya kitabu kilichohaririwa ni ya aliyeiandika; mhariri hutajwa kwenye orodha, mwandishi wa sura hutajwa kwenye matini.

Vyanzo vya mdomo visichukuliwe kuwa vya daraja la chini. Katika APA, mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata hutajwa ndani ya matini pekee: jina, maelezo kwamba ni mawasiliano binafsi, na tarehe kamili. Hayaingii kwenye orodha. Ila watu waliohojiwa kama sehemu ya utafiti wenyewe hawarejelewi hivyo. Wao ni data, huelezwa katika sura ya mbinu, na majina yao hufichwa au kutajwa kulingana na ridhaa waliyotoa. Mwanahistoria anayetumia Chicago ataweka kwenye tanbihi jina la mzee aliyeridhia kutajwa, mahali na tarehe ya mahojiano. Rekodi iliyohifadhiwa kwenye nyaraka za taasisi hurejelewa kama hati nyingine, kwa namba yake ya hifadhi.

Mtandaoni, Google si chanzo, na anwani tupu ya tovuti si rejeo. Kinachotakiwa ni mwandishi au taasisi, tarehe, jina la ukurasa, kisha anwani. Makala ya jarida yenye namba ya DOI iandikwe kwa namba hiyo, kwa kuwa hubaki hata jarida likihamisha tovuti yake. Kuifungua kuna faida nyingine: mchapishaji huonyesha hapo kama makala imebatilishwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo na usonji ilibatilishwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, na anayeipata kama faili tu kutoka kwa rafiki anaweza asijue. Kurasa zisizo na DOI hufa, hivyo ni busara kuzihifadhi kwenye hifadhi ya kurasa za mtandao, Wayback Machine, siku zinaposomwa.

Programu ya kupanga marejeleo kama Zotero, isiyolipiwa, hupunguza kazi sana, lakini hupanga kile ilicholishwa. Ikipewa jina la kwanza mahali pa jina la ukoo, italirudia kosa hilo katika kila ukurasa kwa unadhifu mkubwa. Akili mnemba ni hatari zaidi, maana hubuni. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, kwa kuwasilisha mahakamani hukumu zilizotungwa na ChatGPT. Zilikuwa na majina ya kesi na namba, na hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Orodha ya marejeleo iliyoombwa kwa chombo hicho haifai kuguswa mpaka kila kazi iliyomo iwe imeonekana na kusomwa.

Kabla ya kukusanya, kazi ichapishwe kwenye karatasi na ipitiwe mara mbili kwa kalamu. Mara ya kwanza, kila jina kwenye matini litafutwe kwenye orodha na kupigiwa tiki. Mara ya pili ni kinyume chake: kila kilichomo kwenye orodha kitafutwe kwenye matini, na kisichotajwa popote kifutwe, hata kama kinapendezesha. Kisha zichaguliwe nukuu kumi bila mpangilio na zilinganishwe na vitabu vyenyewe, neno kwa neno na ukurasa kwa ukurasa. Zikipatikana mbili zenye kasoro, basi zote zipitiwe. Dai ambalo chanzo chake hakionekani tena lipelekwe kwa mkutubi wa chuo, ambaye mara nyingi anaweza kuagiza nakala kutoka maktaba nyingine. Naye akikikosa, dai hilo litolewe kwenye tasnifu, pamoja na kila hitimisho lililojengwa juu yake.